Mlango Nauegesha

Kambini, karibu na Lindi
12 Machi 1967

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, homa iliyonishika wakati wa vuli imekwisha, na hofu yangu ni juu yako tu. Goti la kushoto linasemaje? Bado linatabiri mvua? Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha mwenyewe, ili usimtafute mtu wa kukusomea mambo yetu.

Bacar wa chumvi, mvushaji wa barua zetu, alinifikishia swali lako: je, huku ng'ambo ya Ruvuma nauimba wimbo wa nyumbani kwetu? Mama, kukudanganya siwezi. Nilijaribu. Kazi yangu hapa ni kufundisha watoto kusoma na kuimba, watoto wa Diaca, wa Awasse, wa kila mahali palipokimbiwa. Nikawaimbia kama unavyoanza wewe:

*Aondoka wa nyumbani, mlango nauegesha,*
*Maji yako mtungini, moto sijauzimisha.*

Wakacheka. Msichana mmoja akasema huo ni wimbo wa mabibi wasio na meno. Wao wanataka nyimbo za kupigia mguu chini, za mapambano. Nami, usinikasirikie, naona wana haki. Wimbo wetu ni wa wanawake wanaokaa mlangoni kungoja, na siku hizi hakuna anayengoja. Nyimbo nazo huzeeka, mama, zikapumzishwa.

Wasalimie wenzako wote wa kundi la kuimba.

Mwanao,
Cadija

*

Quionga
Rajabu, mwaka 1967

Mwanangu Cadija,

Marahaba. Mimi ni mzima wa kujikongoja. Goti bado linatabiri, ila sasa linatabiri tropa, hao askari wa Kireno, kuliko mvua: likiuma asubuhi, adhuhuri wamekwishafika kuwafukuza kuku wetu. Minazi haijambo. Wewe kula, maana Bacar ananiambia umekonda hata kanga inakuzunguka mara mbili.

Wasio na meno! Mwambie huyo mwenye meno yake kwamba meno hayaimbi.

Naona elimu imekusahaulisha, basi nikukumbushe. Siku ulipokimbia tulisimama mlangoni, mimi na wenzangu, tukakuimbia beti tatu. Ubeti wa nne nikaumeza. Ndivyo tulivyo sisi wa kundi letu tangu bibi zetu: anayeondoka huimbiwa tatu, na wa nne humngoja hadi mguu wake ukanyage kizingiti. Baba yako alipokwenda kukata mkonge Tanganyika alirudi, tukamwimbia, ukazaliwa wewe. Mjomba wako hakurudi. Ilipokuja habari ya kifo chake tukamwimbia vilevile, roho yake isibaki nje imesimama kama mgeni. Kwa hiyo ubeti wa nne ukisikika na jina la mtu, mtu huyo yuko ndani ya nyumba au yuko ndani ya ardhi. Hapana pa tatu.

Tangu uondoke sijatia komeo. Jirani ananiuliza, tropa wanapita na mlango wako hivyo, huogopi? Namwambia mlango si wangu, ni wa Cadija. Kila jioni nauegesha tu, upepo unausukuma kidogo, nami nageuza kichwa. Najua ni upepo. Nageuza vilevile.

Wimbo haujazeeka. Wewe ndiye bado mtoto.

Mama yako,
Latifa

*

Kambini
3 Juni 1968

Mama,

Shikamoo, na pole kwa goti. Habari ya huko inatufikia vipandevipande, nami naiunga usingizini. Juzi nimeota niko uani kwetu nakuna nazi, na nazi haiishi. Nakuna tu, jua limesimama palepale, nawe unaimba ndani na sikuoni. Nilipoamka mikono ilinukia tui. Wenzangu wakanusa wakasema hainukii kitu.

Nataka nikupe habari ya mtoto mmoja. Anaitwa Ermelinda, wa Diaca, ana umri wa kung'oka meno ya mbele. Alifika hapa na watu wasio wake. Ndege zilipopita juu ya kijiji chao alikimbia upande mmoja na mama yake upande mwingine. Tangu aje hakusema neno na mtu. Wiki iliyopita nilikuwa natwanga huku naimba bila kujijua, wimbo wako huohuo. Akaja akasimama karibu na kinu, akaniuliza: "Mwalimu, hayo maji ya mtungini ni ya nani?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Nikamwambia ni ya yule aliyeondoka, yanamngoja. Akakaa chini. Akataka niimbe tena, na tena, mpaka unga ukawa vumbi.

Sasa wote wanautaka, hata yule wa mabibi wasio na meno. Nikifika ubeti wa tatu nanyamaza, nao wananitazama: mbona hauishi? Nawaambia mwisho wake unakaa kwa mama yangu, Quionga. Hawaridhiki hata kidogo.

Mwanao,
Cadija

*

Quionga
Ramadhani, mwaka 1970

Cadija wangu,

Salamu za kukuuliza hali sijui nizielekeze wapi, basi nasema tu: Mungu akupe nafasi huko uliko. Mimi nafunga, na ninafuturu peke yangu.

Tropa wamewaleta watu wa Diaca hapa Quionga, wamewajengea aldeamento nyuma ya minazi yetu, vibanda mstari mmoja na waya kuzunguka. Miongoni mwao yuko mwanamke aitwaye Madalena, tunatwanga naye muhogo. Siku moja anatwanga, anaimba. Nikasikia wimbo wetu, mwanangu. Nilifurahi! Nikaacha mchi nikampigia makofi. Akaimba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha hakunyamaza.

*Cadija kafika leo, na mlango nimefunga,*
*Kwisha kwetu mangojeo, maji roho yamkonga.*

Nikamuuliza, huo umeutoa wapi? Akasema, "Mama, huo kule msituni unaimbwa na kila mtu. Umekuja na waliotoka ng'ambo." Cadija ni nani? "Sijui. Ndivyo wimbo ulivyo." Na barua yako sijaiona mwaka umepita. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Wenzako wamekuimbia huko, wamekufungia mlango.

Tulisoma hitma. Tukasimama mlangoni nami nikakuimbia ubeti wa nne kwa mdomo wangu. Sauti ilitoka nzima, nikaichukia. Kisha nikatia komeo.

Nakuota kila siku baada ya alasiri, ninapojilaza. Hugongi mlango. Uko ndani tayari, unachambua mchele, umeinama, hunitazami. Nasema, Cadija, umepitia wapi na mlango nimeufunga? Unaendelea kuchambua. Nami katika ndoto naona ni jambo la kawaida tu, nakaa nakusaidia kutoa mawe.

Bacar amerudi kuvuka baada ya muda mrefu. Nimempa barua hii, akanitazama kama mwendawazimu. Nimemwambia aipeleke kambini, wamtafute mtu anayejua herufi zetu, akusomee kaburini.

Mama yako,
Latifa

*

Kambini
9 Februari 1971

Mama, ni mzima mimi. Ni mzima! Nimeanza na hilo kabla ya shikamoo, unisamehe. Shikamoo.

Nimesoma msiba wangu nikiwa kwenye foleni ya unga. Nilicheka, kisha nikakaa chini katikati ya watu, wakadhani ni njaa. Barua nilizokuandikia zimekaa hapa zimefungwa kwa uzi, maana Bacar alikuwa hawezi kuvuka na mwingine simwamini.

Makosa ni yangu. Watoto hawakuweza kulala na wimbo usio na mwisho. Ermelinda ndiye aliyekuwa akilia: "Basi yule bado yuko njiani?" Nikawapa ubeti wa nne. Nilitia jina la kila mtoto kwa zamu, leo huyu kafika, kesho yule, nao walikuwa wakifumba macho kwa furaha kama wamekwishafika kweli. Zamu zilipokwisha Ermelinda akasema bado mwalimu. Nikamkataza, nikamwambia mimi mama yangu yuko, ananingoja. Wakaniimbia kwa nguvu, wakicheka, mimi nimeziba masikio. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Waliokuwa wakubwa walikwenda kubeba mizigo ya wapiganaji, wakaubeba na wimbo. Majina mengine yote yalidondoka njiani. Langu likabaki.

Mama, niliwahi kukuandikia kwamba siku hizi hakuna anayengoja. Lilikuwa neno la kijinga. Huku kila mtu ana mlango mahali fulani. Zile nyimbo za kupigia mguu chini tunaziimba asubuhi, na tunazipenda, zinatutembeza. Lakini jua likizama wanauomba wako, hata viongozi wetu wenye miwani.

Nakuomba, ng'oa komeo.

Mwanao aliye hai,
Cadija

*

Quionga
Mfungo Tatu, mwaka 1971

Cadija, Cadija, Cadija,

Marahaba mara mia! Barua yako niliisoma kwa sauti katikati ya njia, tropa mmoja akadhani nimepandisha shetani, akasogea pembeni anipishe. Madalena amenibeba mgongoni, mtu mzima mimi na goti langu. Komeo nimeling'oa na msumari wake.

Sasa nikugombeze. Ubeti wa nne si peremende ya kugawia watoto. Wenzangu wa kundi wamekaa kikao, na neno lao ni moja: hauimbwi mara mbili kwa mtu mmoja. Wewe umekwishaimbiwa, na aliyekuimbia ni mimi mzazi wako. Nikawaambia basi tutunge wa tano. Wakagoma kama punda. Wanasema waliotangulia wameacha beti nne, nani sisi kuongeza? Na kuingia bila kuimbiwa wanaogopa, na mimi naogopa pamoja nao. Aliyefungiwa akifungua mwenyewe, wanasema, huingia mwili tu, roho ikabaki nje. Nakumbuka zile ndoto za mchele, ulivyokuwa hunitazami.

Mlango uko wazi, mwanangu, ila wimbo wa kukuingiza sina. Nalala nikiuwaza, naamka nao.

Mama yako,
Latifa

*

Kambini
20 Oktoba 1974

Mama yangu,

Shikamoo. Miaka hii mitatu na ushei nimeishi kwa salamu za mdomo za Bacar peke yake, kwamba uko, kwamba unakohoa, kwamba uko. Kikohozi kimepungua?

Silaha zimewekwa chini, umesikia mwenyewe. Huku watu wanafunga mizigo, wengine wamekwishavuka. Kambi inapungua kila asubuhi, nikiita majina darasani yanaitikiwa na upepo.

Ermelinda amekuwa msichana mkubwa, ananizidi urefu. Habari za Diaca amemuuliza kila apitaye, na jibu ni lilelile: mama yake hakuonekana tena, na nyumba yao ni majani. Hana pa kwenda. Ameniuliza kama naweza kufika naye kwetu, na hata mimi sijui kama kwetu naingia.

Unicheke, mama. Nimefundisha miaka yote hii kwamba mambo ya namna hiyo ni ushirikina, nikaandika ubaoni kwa chaki. Lakini nimeona wanavyovuka wenzangu, nikajiona mimi nimefika mlangoni, mko kimya nyote, mnanitazama. Afadhali nibaki huku kuliko kuingia nyumbani kwangu kwa kimya hicho.

Jana nilimuuliza Ermelinda, wewe uliimbiwa na nani ulipoondoka? Akasema, "Hakuna. Nilikuwa nakimbia."

Niambie la kufanya.

Mwanao,
Cadija

*

Quionga
Mfungo Pili, mwaka 1974

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, kinanisindikiza tu, hakina haraka. Tropa wa hapa wanafungasha, kuku wameanza kutembea kifua mbele.

Barua yako niliisoma nikafika pale alipojibu yule mtoto, nikaiweka chini. Nikawaita wenzangu. Nikawauliza: aliyeondoka bila kuimbiwa hata ubeti mmoja, ana haki ya wa nne au hana? Mkubwa wao, aliyegoma kuliko wote, akasema ana haki kuliko sisi sote, ila lazima kwanza apewe zake tatu. Nikauliza, na kama ni Mkristo? Akasema wimbo ni wa mlango, na mlango haujapata kuuliza.

Basi jana tulisimama pale pale tulipokuimbia wewe, tukamwimbia Ermelinda beti tatu, mtoto tusiyemjua uso. Tumechelewa, lakini tumemwimbia. Madalena aliitikia pamoja nasi, akiwalilia wote wa kwao waliokimbia bila kuimbiwa. Wa nne nimeumeza. Kwa hiyo Ermelinda yuko njiani sasa, kwa haki kabisa, na sisi tunamngoja.

Sikiliza vizuri. Mkifika, yeye atangulie. Wewe kaa nyuma yake, umshike nguo. Jina lake ni refu kwa wimbo wetu, limenisumbua. Nimetoa "kafika" nikatia "kaja," sasa limekaa:

*Ermelinda kaja leo, na mlango nimefunga.*

Kabla sijafika kwenye "nimefunga," wewe uwe umekwishavuka kizingiti. Hatukuongeza ubeti wala hatukurudia jina. Utaingia ndani ya wimbo wa mwanafunzi wako. Nitauvuta kidogo, nitaikalisha ile "mlango" kwa pumzi zote nilizobakiwa nazo, lakini mimi ni mzee na nina kikohozi, kwa hiyo usizubae.

Maji yako mtungini. Barua hii usiijibu kwa karatasi.

Mama yenu,
Latifa