Yale Uliyowaambia Ndege

Mama,

Barua zangu zote kutoka Wenje ulisomewa na Baba, naye alikuwa akiruka mistari asiyoipenda. Hii haruki kitu, maana simpi. Nitakuja nayo kaburini kesho asubuhi, kabla sijapanda mtumbwi wa kurudi kwa mume wangu, nikusomee mwenyewe. Ukisikia sauti imekatika, nisubiri kidogo.

Kwanza habari za nyumbani, maana najua hutanisikiliza mpaka nizitoe. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Mgomba wa nyuma ya jiko uliangushwa na upepo, lakini umeacha machipukizi. Mjukuu wako anatambaa na anakula udongo kama alivyokula mama yake. Zimekuja sarafu mpya za sumuni zenye sura ya mwanamke. Halima, rafiki yako Muorma wa maziwa, aliigeuzageuza moja mkononi, akauliza kama huyo mwanamke mumewe amempa ruhusa ya kutembea mikononi mwa watu. Nilicheka, kisha nikageuka upande wa jiko nikuone nawe ukicheka. Bado nageuka, Mama. Sijui mtu huacha lini.

Mimi nilikuja kusaidia kuamia ndege, kuwafukuza shambani. Mpunga wako ulikuwa umeanza kujaa, na watu walinitumia salamu kwamba Baba anakaa shambani kutwa nzima lakini ndege wanakula. Sikuelewa. Nilipofika Garsen nikaona. Yuko juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti upande wa mto, teo la kurushia madongo limelala magotini, madongo yamekauka pembeni yake, na ndege wameinamisha masuke mbele ya macho yake. Dungu lako upande wa pili tupu. Nikamwita, akashuka, akanipokea mtoto, akaniuliza habari za safari. Jioni nikapika kambare wa kukaushwa kwa nazi. Akasema ameshiba kabla hajanawa.

Siku iliyofuata akaniambia: "Ester, tukivuna huu, shamba nampa baba yako mdogo. Sipandi tena. Shamba la mpunga ni la watu wawili."

Unajua Baba asipopanda ni nini. Mtu wa mto asiyepanda huamka asubuhi hana pa kwenda, na mtu asiye na pa kwenda hachukui muda mrefu kukufuata. Nami nakaa mbali naye, Wenje. Mama, niliogopa.

Ndipo nikaanza kukumbuka kelele zenu.

Tulipokuwa wadogo nilidhani watu wote huamia ndege vile. Hukuwahi kumwambia Baba neno kali mbele yetu, naye hakuwahi kukuinulia sauti ndani ya nyumba. Mlikuwa mkinuniana, mnanuna kimya, na sisi watoto tunatembea kwa vidole. Halafu asubuhi kila mtu anapanda dungu lake, na hapo ndege wanaambiwa yote.

Wewe ulikuwa ukianza: "Hee! Ondokeni! Nyinyi mnaokula kichwa cha kambare na mgeni hajanawa!"

Halafu sauti ya Baba kutoka upande wa mto: "Nendeni zenu! Nyinyi mnaokwenda kuteka maji mkarudi na habari za watu!"

"Nyinyi mnaokoroma hata viboko wanahama!"

"Nyinyi mnaotafuta leso na mmejifunga!"

Madongo yanaruka, ndege wanapaa kundi zima, na watu wa mashamba ya jirani wameacha ndege wao wanakusikilizeni. Kumbe huko ndiko mlikopatana. Ukiwaambia ndege kwamba wamesahau kuni, kesho yake kuni zipo mlangoni. Akiwaambia kwamba chumvi yao inaua, mchuzi wa usiku unakuwa mtamu. Na jua likipanda, wewe ndiye uliyefunga maneno, kila mara kwa namna moja: "Haya, yamekwisha! Njooni mle!" Ndege hawakuwahi kuja. Alikuja Baba, anatabasamu pembeni, na kichwa cha kambare kikakaa kwenye sahani yako. Sijaona furaha nyingine ya bei rahisi kama ile.

Halima ndiye aliyenisukuma. Alileta kibuyu cha maziwa tubadilishane na ndizi, akasimama njiani anatazama shamba. "Hii shamba nyamaza," akasema. "Zamani mimi nasikia mama yako toka mbali, najua nyumba iko karibu. Leo mimi nusura napita. Kwa nini wewe iko nyamaza?"

Nikamwambia mtoto hamsemi baba yake. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe hawanywi maji. "Nani sema baba? Wewe sema ndege."

Basi, Mama, asubuhi moja juma lililopita nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda dungu lako. Kile kipande cha mkeka ulichokalia bado kipo. Ndege wakaja kutoka upande wa malisho, wengi, mpunga ukageuka rangi. Kutaja kasoro za baba yangu mbele ya mashamba yote! Hata mume wangu angeona haya. Nikaanza na sauti ndogo, nikakohoa, nikarudia.

"Hee! Ondokeni! Nyinyi mnaomwachia paka kambare mkasema mmeshiba!"

Nikaona kichwa cha Baba kimeinuka.

"Nyinyi mnaogawa shamba kabla ya kumwuliza mwenyewe!"

Akakiinamisha tena. Mtoto akaanza kulia mgongoni. Nikajua nimeharibu, nimemvunjia baba yangu heshima siku chache kabla ya kumwacha peke yake. Nikaanza kutafuta pa kukanyaga nishuke.

Halafu akasimama. Baba, ambaye msimu mzima hajasimama juu ya lile dungu. Akashika teo, akalizungusha, na sauti yake ikatoka imepasuka katikati:

"Nendeni! Nendeni zenu! Nyinyi mnaoondoka bila kuaga!"

Mama, dongo halijaruka bado ndege walishapaa. Unajua mwenyewe alikokuwa usiku ule ulipotutoka. Alikuwa ng'ambo ya mto anafukuza viboko mashambani, wewe ukaachwa na homa iliyoonekana ndogo, na alipovuka alfajiri alikuta wanawake wamekwisha kukufunika. Hakulia wakati ule. Alichimba, akashukuru watu, akakunja mkeka. Lile neno alikuwa nalo tangu siku hiyo, na hakuwa na wa kumwambia, maana aliyekuwa akijibu hayupo.

Akaendelea kupiga kelele. Leso, chumvi, habari za mtoni, na namna ulivyotangulia kila wimbo kanisani watu wakabaki nyuma wanakukimbiza. Na kila baada ya mawili matatu alirudia lile moja: bila kuaga, bila kuaga. Alikuwa analia na anarusha madongo, na mimi nalia juu ya dungu lako, na jirani wa shamba la pili akaacha ndege wake kama zamani. Ndege wakazunguka mara moja juu ya mto, kisha wakaelekea kule kwenye kilima cha mchanga tulikokulaza. Niliwatazama mpaka wakapita juu yako.

Jua lilipopanda nilijua kuna neno lililobaki, na si langu. Nikalisema hata hivyo, kwa sauti yako kadiri nilivyoweza:

"Haya, yamekwisha! Njooni mle!"

Akaja. Akanawa mikono, akala, akaongeza. Kichwa cha kambare akakiweka kwenye sahani yangu. Jioni nikamwona amekaa mlangoni na kibuyu chako cha mbegu, anakikung'uta na kukifuta vumbi ndani. Kibuyu kinafutwa na mtu atakayepanda, Mama.

Nimeongea na mume wangu kwa salamu, naye amekubali: kila mpunga ukijaa nitakuja kukaa juu ya dungu lako. Nitamwambia kuhusu kuni, kuhusu kukoroma, kuhusu yote uliyoyaacha njiani. Na akikulalamikia, nitakujibia.

Lala salama, Mama. Hukutuaga, nasi hatukukuaga. Basi mimi nakuaga sasa, na Baba amekwisha kukuaga, mbele ya ndege wote wa Garsen.

Mwanao,
Ester