Bibie Kaandikiwa Kitabu

Duka la Nakala,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo umepona, au bado unabeba mizigo ya watu ghalani kama vile ulizaliwa na kamba begani? Sisi hatujambo. Mama miguu yake inavimba vilevile, ila mdomo mzima kabisa. Shemeji yako amewekewa meno mapya, na sasa anacheka hata pasipo na la kuchekesha.

Uliniuliza kuhusu kitabu cha Bibie. Nimekisoma chote, kwa hasira. Juu ya jalada wameandika kwamba ni maisha ya mwanamke aliyesimama kando ya Mkubwa. Mtu alilala katika nyumba walizonyang'anywa wenzake, akapunga mkono kwenye kila gwaride la yule dikteta, leo eti alikuwa amesimama kando.

Lakini walionimaliza ni wasomaji. Wengi hawanunui, wanakiazima, kisha wanakuja dukani niwatolee nakala za kurasa wanazozipenda, kwa hiyo najua nani kaguswa na nini. Karani wa benki alitaka picha za viatu, tena za rangi. Fundi cherehani alitaka gauni moja likuzwe, maana maharusi wanaligombania. Yule mwalimu tuliyemwita Miwani alitaka sura ya barua za mapenzi, akawafundishe wanafunzi mtindo mzuri wa uandishi. Nikamuuliza kama atawafundisha na sura ya jela. Akasema haimo.

Kweli haimo. Ila mbwa wa Bibie ana sura nzima, ana jina, na siku yake ya kuzaliwa imetajwa. Muuguzi mmoja, mtu mzima aliyezoea kufunika maiti, aliniambia, "Dada, alipokufa yule mbwa nililia mpaka mume wangu akaamka." Nilimtolea nakala zake nikapokea pesa. Duka halilishwi na matusi.

Kaka yetu yumo, ikiwa huko nako ni kuwemo. Ni katika sura hiyohiyo ya mbwa: "dereva akampeleka kwa daktari." Basi. Miaka yote aliyomwendesha yule mwanamke, mpaka asubuhi aliyokwenda kazini asirudi, imekuwa neno moja, na neno lenyewe ni kwa sababu mbwa aliharisha.

Nilitaka kumficha mama. Lakini unamjua. Tangu aliposikia kuna kitabu aliamini kitasema mwanawe alizikwa wapi, akawa ananiuliza kila nikiingia kama nimefika mahali pa kaka. Mwishowe nilichoka kumzungusha, nikamsomea. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Haya. Nitamuuliza mwenyewe."

Maana Bibie yu hai, na Ijumaa alikuja ukumbi wa maktaba kuwatilia watu sahihi. Mama alinunua kitabu chake, kizima, akavaa vile viatu vinavyombana. Ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Wakamuuliza Bibie alijisikiaje Mkubwa alipoanguka. Wakamuuliza siri ya ngozi yake. Bwana mmoja wa suti alisimama kumshukuru kwa niaba yetu sote, sijui tulimtuma lini. Mama alinyoosha mkono mpaka akausaidia kwa mkono wa pili. Mwenye kipaza sauti akampita kama anapita kiti kitupu.

Tukapanga foleni. Tulipofika mezani, Bibie aliuliza bila kuinua uso aandike kwa ajili ya nani. Mama akamtajia jina la kaka, lote, pamoja na la baba. Mimi nikamkazia macho yule mwanamke. Hata ukope haukumcheza. Akaliandika vizuri kwenye ukurasa wa kwanza, akaongeza "kwa upendo," kisha akatabasamu. "Ni mjukuu wako?"

"Ni dereva wako," mama akasema. "Mlimzika wapi?"

Tabasamu likabaki pale pale, halina kazi. Akamtazama mama, kisha akatazama nyuma yetu kumtafuta anayefuata. Na huyo anayefuata, mwanamke mtu mzima aliyekumbatia kitabu chake, akamgusa mama begani: "Bibi, na sisi tumemngoja." Mlinzi akatushika viwiko kwa adabu zote, tukajikuta nje kwenye ngazi. Mama hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa ghadhabu, na sioni haya kukwambia. Wasomaji wale ninawadharau kuliko Bibie. Yeye angalau analinda lake.

Kwa hiyo wenzako ghalani wakikusifia kitabu hicho, usibishane nao. Waulize tu dereva aliitwa nani.

Wasalimie wifi na watoto, na umwambie mkubwa wao kwamba picha yake ya shule tumeipata, nimeibandika dukani. Shangazi aliyevunjika mkono amefunguliwa bandeji, anakusalimu sana. Mungu akupe afya na akuepushe na watu wanaolilia mbwa wa wenyewe.

Kitabu nilitaka kukitupa jalalani. Mama amekataa, anakilaza chini ya mto, anasema sasa mwanawe yumo. Kaburi bado hatuna. Tuna huo ukurasa wa kwanza, na kwa vile Bibie ana mwandiko mkubwa, mama anausoma mwenyewe bila miwani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira.