Salamu Uliyoisimamisha Nje ya Mlango

Baba,

Imewaka! Nimetanguliza habari kabla ya shikamoo, nisamehe, lakini ungekuwepo hapa Changamwe Jumapili baada ya kanisa ungeruka hata wewe na goti lako bovu. Kompyuta yako kuukuu, ile uliyoifufua ulipostaafu ufundi wa kreni bandarini, imewaka kwa mfumo wetu wenyewe wa kuiendesha, tuliouandika mimi na wewe mstari kwa mstari.

Unakumbuka tulivyogombana? Ulitaka salamu itangulie kila kitu. "Mbodze, kitu cha pwani hakianzi kazi bila kusalimu." Ukaiandika juu kabisa, na kila tukiwasha, skrini nyeusi, kimya. Ukaondoka duniani ikiwa kimya vile vile, na hilo liliniuma sana. Mwaka mzima nilijua kosa liko wapi: salamu iliitwa kabla kumbukumbu ya mashine haijapangwa, haikuwa hata na pa kuandikwa. Ila ndio mstari wa mwisho ulioandikwa na vidole vyako. Sikuthubutu kuusogeza.

Basi siku chache kabla ya Jumapili hiyo jirani alipiga hodi. Mama akaitika karibu, mgeni akavua viatu, akaketi, ndipo wakaanza kujuliana hali. Nikacheka peke yangu. Baba, wewe mwenyewe ndiwe uliyetufunza hivyo, kumbe kwenye kompyuta ulisalimu ukiwa bado nje ya mlango!

Nimeigawa kazi ya kuwaka katika hatua tatu. Kipande cha kwanza cha programu ni kidogo mno: kinapiga hodi tu na kukitafuta cha pili kwenye diski. Cha pili kinapanga kumbukumbu, mgeni apate kiti. Cha tatu ndicho kiini chenyewe cha mfumo, na hapo nimeuweka mstari wako. Sikubadilisha hata herufi moja. Nikawasha, skrini ikaandika:

"Shikamoo, fundi Mbodze."

Nikaitika marahaba kwa sauti, hadi Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani amekuja. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Nikamwonyesha skrini. Akasoma, akaketi.

Pumzika, Baba yangu. Kibodi bado haifanyi kazi, kwa hiyo mashine inasalimu lakini haisikii. Nimeshaanza kuishughulikia. Nakuahidi nitaifunza kusikia, ili salamu yako isikae bila marahaba.

Mwanao,
Mbodze