Betri za Mashine ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumamosi, baada ya kufua.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko? Kikohozi kimekuacha? Wifi na watoto je? Sisi tunaendelea, ila mimi nina kichefuchefu, na si cha ugonjwa.

Jana nilifungua nyuma ya ile mashine ya presha uliyomletea Mama. Betri zimevuja. Uji mweupe wenye ukijani umeganda mpaka kwenye springi. Na betri zenyewe zina alama za meno!

Meno ya Mjomba, huyu ambaye mtaa mzima unamwita Fundi ingawa hajawahi kutengeneza kitu kikapona. Kumbe rimoti yake ikizima anachomoa betri za Mama, kisha anarudishia zake zilizokufa, akishazitafuna na kuzianika juani ati zipate nguvu. Nilipomuuliza, alijibu macho yakiwa kwenye mpira, "Betri ni betri, mwanangu." Nilitamani kumlambisha ule uji.

Dukani nako ni karaha. Muuzaji alinipa betri nyepesi kama maganda ya karanga, huku akiapa. Nikamrudishia. Kwingine nilipata za alkali, zote za aina moja, pakiti haijafunguliwa na tarehe inasomeka. Nimesugua springi kwa pamba na siki mpaka zikang'aa.

Sasa jikaze, Kaka. Mashine ilikuwa haiwaki tangu mvua zilipoanza. Namba anazokusomea Mama kila Jumapili kwenye simu, anazitunga, asije akamchongea Mjomba, mdogo wake, kwako. Nawe kwa kuziona nzuri ukamwambia apunguze vidonge, naye akapunguza.

Nilipompima ilisoma mia mbili na kitu. Nikahamia mkono wa pili, ikawa vilevile. Tulikimbilia kliniki, wamemrudishia dozi yake kamili, na sasa amelala. Alinisihi nisikwambie. Kwenye simu angenikatiza, ungemsikia yeye tu, ndiyo maana naandika.

Barua hii ikikufikia, Jumapili akianza kukusomea namba, usimsifu. Mwambie anipe mimi simu.

Msalimie Wifi, uwabusu watoto. Shangazi anakusalimu sana. Mjomba pia anakusalimu. Salamu zake nazifikisha kwa sababu Mama ameniamuru.

Mungu akutunze huko ugenini, na Mama amkinge na ndugu zake wa damu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba