Mshale Ulionyamaza Sana

Dada yangu,

Mimi mzima, hata kitambi bado nakitunza. Huku tunapima nguzo iliyozamishwa ardhini. Tunairundikia matofali makubwa ya zege, halafu tunaangalia kama inadidimia. Nilimwambia injinia anipandishe mimi hapo juu, nimeshiba, tumalize haraka. Mdogo wetu alicheka mpaka akakaa chini.

Yeye ndiye aliyekuwa anasoma kipimo, kule chini ya mzigo. Jana mshale haukusogea hata kidogo, tukashangilia kwamba nguzo imebeba. Akasema, "Subirini nyie, huu umenyamaza sana." Akarudi kuugonga kwa ukucha, kama alivyozoea. Kumbe matope yalikuwa yameukwamisha, na nguzo inazama. Mzigo ukamlalia.

Nimejaribu kukupigia, sauti inakataa. Barua hii nimempa dereva wa kokoto, anatangulia. Gari linalomleta mdogo wetu litafika jioni. Nenda kwa mama sasa hivi, ukae naye, asije akasikia gari likisimama yuko peke yake. Akiuliza nilikuwa wapi, usinifichie. Mwambie nilikuwa pembeni, bado nashangilia.

Ni mimi, mropokaji wenu.