Simba Ambaye Sijamwona

Jumatatu, 8 Septemba
Nimefua. Mwanangu Sabra kanywa uji, nikambeba mgongoni. Kawangware hadi madrasa ya Makina kwa miguu, kitabu cha balagha, ufasaha wa Kiarabu, ndani ya begi la nepi. Mtihani wa mdomo ni Jumamosi. Nguzo nne za tashbihi nimezimeza zote: kinachofananishwa, kinachofananishwa nacho, chombo, sababu. Bado naogopa. Mume wangu Juma amesema mwaka huu tu. Nikianguka, masomo yameisha.

Jumatano, 10 Septemba
Aibu. Ustadha Zuhura alitaka mfano. Nikatoa ule wa kitabuni, kwamba mtu aitwaye Zaidi ni kama simba.
"Simba umemwona wapi, Mama Sabra?"
Sijawahi kumwona.
"Umemeza kitabu. Jumamosi usiniletee simba. Niletee chako."
Wasichana wakacheka. Nimelia njiani. Kutunga sijui.

Alhamisi, 11 Septemba
Sabra anaota meno. Hatujalala. Nimeandika mifano sita, yote ya kuazima: mwezi, upanga, bahari. Bahari pia sijaiona. Nimechana karatasi. Sabra alitaka kutafuna kitabu, nikamwambia hapana. Akalia. Nikambusu. Hapana ikabaki hapana.

Ijumaa, 12 Septemba
Foleni ya maji. Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili, kaniangalia.
"Wewe! Umekunja uso kama leso imetoka kwa beseni. Kuna nini?"
Nikamwambia.
"Mtihani wa kuongea? Aki, si wewe huongea kila siku!"
Akacheka mpaka mtungi wake ukafurika. Sikucheka. Nimesimama pale na ndoo tupu, watu wakanipita. Leso. Beseni. Hakusoma popote yule, na ametoa mfano wake mwenyewe.

Jumamosi, 13 Septemba
Zamu yangu. Nikasema kwa Kiarabu: moyo wangu ni kama maziwa motoni.
"Nguzo," akasema Ustadha.
Moyo. Maziwa. Kama.
"Na sababu?"
Hiyo hakuna kitabu kilichonipa. Nikasema ukigeuka kidogo tu, yamemwagika.
Hakutabasamu. Akaandika. "Sasa hapo umesema wewe. Umepita."
Nimetoka nje nikakaa chini kwa vumbi.

Jumapili, 14 Septemba
Juma hakuongea mengi. "Basi endelea." Amemtoa Sabra nje kidogo. Nyumba imetulia. Nimefungua sura ya istiara. Huku ile "kama" inaondolewa, kitu kinasimama mahali pa kingine bila msaada. Nimeandika sentensi moja. Nimeifuta. Nimeandika nyingine.