Barua Uliyoijibu kwa Jina Langu

Jinja, Jumatano, tarehe 12 Machi. Asubuhi ukungu mzito kutoka mtoni, umeinuka saa tatu.

Kaka Hamisi,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mvua ya juzi haikuingia tena dukani. Macho ya Mama yanaendeleaje? Shangazi aliniambia kwenye kliniki ya macho wamemrudisha nyumbani mara ya pili, kwa sababu mashine yao ya mwanga imeharibika na fundi anasubiriwa kutoka nje. Mwambie namwombea kila sala. Mimi sijambo. Vidole tu vina michomo ya vipande vya kioo, na hiyo ni kawaida ya kazi yetu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanishinda kwa maneno. Tangu Baba afariki wewe ndiye uliyenisomesha mpaka nikamaliza sekondari, na nikisikia sauti yako ninakuwa mtoto tena. Kwenye karatasi nitaweza kufika mwisho.

Sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya huku. Ndani ya waya wa faiba mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Mimi naziunganisha, halafu tunapitisha mwanga, na mashine inatuonyesha mwanga unapotelea wapi. Mwezi uliopita tulikuwa tunamalizia laini ya Jinja mpaka Mbale. Nilipima kutoka huku Jinja, na kiungo cha karibu na Nakaloke, upande wa Mbale, kikaonekana safi kabisa. Nikafunga daftari. Injinia Akinyi, yule mama Mkenya anayetuongoza, akanitazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, madam."

"Umepima kutoka Mbale?"

"Huku kimeonekana kizuri."

"Huku, ndiyo. Kiungo kibovu kinaweza kukudanganya ukikitazama upande mmoja. Kama hujapima upande wa pili, dada, hujapima."

Dereva wetu, Wafula, akadakia, "Andika hiyo kwenye daftari lako, afande. Uandike pia kwamba dereva alikuwa na njaa." Ananiita afande kwa sababu naandika kila kitu na saa yake.

Tukaenda Mbale. Kutoka upande ule kiungo kilikuwa kibovu, tukakikata na kuunganisha upya. Siku hiyo nilipita dukani kwako, ukaninunulia chai na chapati mbili, ukanisifu mbele ya wateja.

Njiani kurudi Injinia akaniuliza kwa nini sikwenda chuo kikuu. Yeye alisomea fotoniki, yaani elimu ya nuru na namna ya kuifanyisha kazi. Akanitajia aliosoma nao. Mmoja anatengeneza mashine za kutibu macho katika hospitali za Nairobi. Mwingine anaunda vipimo vya kugundua maziwa yaliyotiwa maji. Mwingine yuko melini, anashughulikia nyaya za chini ya bahari. Nikamwambia niliomba kusomea hiyo hiyo mwaka juzi, katika chuo cha ng'ambo, gharama zote zao, na hawakujibu.

"Nani alikuambia hawakujibu?"

"Kaka yangu. Nilikuwa na simu ya tochi, isiyo na intaneti, kwa hiyo tulitumia barua pepe ya dukani kwake."

Tukapita mji wa Tirinyi. Kisha akasema, "Na upande wa pili?"

Nilikasirika, Kaka. Nilimwambia kaka yangu si waya. Jioni nikawaandikia wale watu wa chuo, ili tu siku nyingine aache kuniuliza.

Walijibu Ijumaa. Walinipa nafasi. Wanasema tarehe 9 Agosti mwaka juzi niliwaandikia kutoka anwani ya dukani, nikawashukuru, nikasema siwezi kwenda kwa kuwa mama yangu amepofuka na hana mwingine wa kumtunza. Wamenitumia nakala. Chini yake kuna jina langu lote, mpaka la Babu.

Nikafungua daftari la mwaka ule. Nakunakilia kama lilivyo: "Tarehe 9 Agosti. Mvua tangu alfajiri. Kaka amepiga saa kumi jioni. Amesema hawajajibu, nisivunjike moyo, Mungu ana mipango yake. Nimelala saa tatu." Tarehe 11: "Kaka ameniletea mabuti mapya ya kazi. Amekuja mwenyewe mpaka Jinja." Na wiki moja kabla: "Nilikuwa nyumbani Wanale. Mama ametunga uzi kwenye sindano bila miwani, ametucheka sisi wenye macho ya kitoto."

Alikuwa anaona, Kaka. Ulimpofusha kwenye barua, na baada ya mwaka mmoja macho yake yakaanza kufifia kweli. Sisemi neno juu ya hilo. Nimeliandika tu.

Jumapili nilikupigia. Jibu la chuo lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuuliza mara moja tu, "Kaka, wale watu hawakujibu kabisa?" Ukasema, "Hawakujibu, mdogo wangu. Watu wa huko wana mambo mengi, sahau." Nilikuwa nimekupa mlango wazi utokee. La Agosti ningeweza kulimeza polepole. La Jumapili halimezeki.

Wifi aliwahi kuniambia kwamba usiku wa matanga ya Baba ulisema hakuna mwingine atakayetoka nyumba hii akaenda mbali. Labda ni hilo, uliogopa kupoteza mwingine. Ungeniomba nibaki, huenda ningebaki. Hukuniomba.

Sasa sikiliza. Chuo kimekubali niombe upya, mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi huu. Wanataka nakala za vyeti vyangu halisi, na vyeti viko kwako, kwenye bahasha ya kaki, droo ya chini, chini ya chaja mbovu. Nikianza kutafuta vingine kwa watu wa mitihani itachukua miezi, na nafasi itanipita mara ya pili kwa mkono wako. Wafula aliyekuletea barua hii anasubiri hapo mlangoni. Hajui kilichomo. Mpe bahasha. Usimwambie haionekani.

Ijumaa baada ya sala nitakuja nyumbani. Kabla sijafika, mweleze Mama mwenyewe. Sitaki alisikie kwangu, na sitaki ulisemee mbele yangu.

Nisalimie wifi, mama wa nyumba. Nisalimie Shangazi anayemwongoza Mama kliniki, na Mjomba anayefungua msikiti alfajiri. Mama mwambie namshika mikono yote miwili.

Mabuti sirudishi. Hayajawahi kuvuja, na bado nina mitaro ya kuchimba.

Mdogo wako,
Zaituni

Alhamisi asubuhi, mawingu, bila mvua. Nimeisoma tena kabla ya kumkabidhi Wafula. Sikufuta neno. Nilipata usingizi saa tisa na robo usiku.